Nimepanda au Sijapanda?

"Mwanangu, simu ikizimika, mimi nimepanda au sijapanda?"

Behewa la tatu lilikuwa na abiria sabini na wawili asubuhi ile, na hakuna aliyemjibu. Aliyeuliza ni bibi mmoja wa kiti cha arobaini na moja, kikapu cha mapera magotini, simu mkononi, kioo cheusi tii. Tiketi yake ilikuwa humo ndani. Mjukuu wake alimnunulia, akamwonyesha kile kisanduku cha vidoti vyeusi, akamwambia, "Ukiulizwa, bibi, onyesha hiki tu." Hakumwambia kwamba simu ikifa, tiketi nayo inakufa. Wala hapakuwa na njia nyingine: dirisha la tiketi za karatasi lilikuwa limepigiliwa mbao, juu yake tangazo lenye maua, Sasa kusafiri ni rahisi. Rahisi kwa nani, tangazo halikusema.

Aliyeulizwa ni mkaguzi wa tiketi. Abiria walimbandika jina la Bwana Skani, kwa kuwa salamu yake ilikuwa hiyo hiyo kila siku: "Skani, skani, tusicheleweshane."

"Mama, mimi sibishani na mtu," alisema. "Mashine ndiyo inayosema."

"Basi iulize."

"Mashine haiulizwi."

"Bibi, ihonge pera, huenda ikasoma!" alidakia kijana mmoja mwenye kofia nyekundu, na behewa zima likacheka. Hata waliojifanya wamelala walicheka.

"Namba yangu naijua kwa moyo," bibi akasema, akaanza kuitaja. "Iandike, utaniona humo."

"Haiwezekani."

Huo ulikuwa uongo. Mashine ile ina mahali pa kuandika namba ya simu, na jina la abiria hutokea. Ni kazi ya dakika mbili. Bwana Skani alikuwa na dakika mbili. Alichokosa ni moyo wa kuzitoa.

Kiti cha arobaini na mbili, bega kwa bega na bibi, alikaa msichana wa chuo aliyekuwa anakwenda kwenye mdahalo. Mkononi alishika hotuba yake, kuhusu haki za wazee, msinicheke. Mkobani alikuwa na betri ya akiba ya kuchajia simu, imejaa pomoni. Akawaza: nikiitoa, macho yote yatanigeukia, acha, mwenye roho nzuri atajitokeza. Akainamisha macho kwenye karatasi yake.

Bibi akashushwa Tangini. Hapo si kituo, ni mahali treni husimama kuipisha nyingine: benchi moja la saruji, tangi la maji lililoliwa na kutu, na nyasi. "Subiri ya kurudi," Bwana Skani alimwambia, akafunga mlango. Ya kurudi haikuja siku ile, reli ilikuwa inatengenezwa. Kesho yake pia haikuja. Siku ya tatu mafundi wa reli walimkuta amejilaza benchini kama aliyepitiwa na usingizi, simu kifuani, mapera yameoza kikapuni.

Wiki iliyofuata mashine ilianza vituko. Bwana Skani akimaliza behewa la tatu inamwandikia tiketi sabini na mbili, naye akihesabu vichwa anapata sabini na moja. Kiti cha arobaini na moja kitupu, lakini kwenye mashine kinawaka kijani. Akabadilishana mashine na mwenzake. Mambo yale yale. Na kila akikipita kiti kile, harufu ya mapera yaliyoiva kupita kiasi inampanda puani.

"Mbovu hii," akajiambia. Mwongo hujidanganya mwenyewe kwanza.

Kisha balaa hilo likamfuata nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa anaishi naye, mwanamke mcheshi aliyependa chakula na kusengenya majirani. Mchana mmoja alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba magotini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui. Nimeshushwa."

Chakula akakikataa. "Mtu hali kabla hajafika," alisema, akageukia ukuta. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mashavu yakibonyea. Simu yoyote ya nyumbani akiigusa, inazimika. Na mchana wa siku ya nne, jua likiwa kali na watoto wa jirani wakicheza nje, Bwana Skani alisikia pii! ya mashine aliyokuwa ameizima na kuiacha kazini, ikatoka chumbani kwa mama, ikaja tena karibu na mlango, ikaja tena kando ya sikio lake, na harufu ya mapera yaliyooza ikajaa ukumbini mpaka mkewe akaziba pua, na mlango ukafunguka taratibu, na mama akasimama pale na mkoba wake, macho yake yakitazama mahali pasipo na mtu, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilivuma kama ya mtu anayesemea ndani ya tangi tupu: "Mwanangu, simu ikizimika, mimi nimepanda au sijapanda?"

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "huyo si mama."

"Nyamaza."

"Huyo si mama. Na wewe unamjua."

Mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliletwa kesho yake asubuhi. Alikaa sakafuni, akamshika mgonjwa mikono.

"Nani wewe?"

"Mwenye tangi," sauti ikajibu. "Miaka na miaka nimekaa peke yangu, sijamgusa mtu. Huyu bwana akanitupia mgeni. Nilikaa naye siku mbili. Sikuwa na maji ya kumpa wala mkono wa kumshika. Aliniuliza swali lake mpaka pumzi ikamwisha, na mimi jini, tiketi nazijulia wapi? Nimekuja kuuliza wanaojua."

"Ukijibiwa, utamwacha mama wa watu?"

"Nijibiwe palepale alipouliza. Mbele ya wale wale."

Mganga akamgeukia Bwana Skani. "Dawa yako sina. Unayo mwenyewe."

Jumatatu alimbeba mama yake mgongoni hadi behewa la tatu, akamkalisha kiti cha arobaini na moja. Treni ile hupandwa na watu wale wale. Akavua kofia ya kazi, akasimulia yote haya, mpaka ya chumbani kwa mama yake. Mwisho akasema, "Alikuwa amepanda. Namba yake ingemwonyesha. Nilisema haiwezekani kwa sababu nilikuwa na haraka. Mimi ndiye niliyemshusha."

Mama akapumua kwa nguvu, akapepesa macho. "Wewe mtoto, nina njaa," alisema, na Bwana Skani akapiga magoti katikati ya njia akilia kama mtoto.

Ndipo simu zikaanza kuzimika. Pii. Pii. Kiti kwa kiti, behewa zima. Na ile sauti, safari hii bila kinywa cha mtu, ikapita chini ya viti: "Huyu amejibu. Na nyinyi?"

Watu wakatazama madirishani.

Bwana Skani aliacha kazi. Kijana wa kofia nyekundu alishushwa Tangini wiki iliyopita. Alipanda na simu iliyojaa chaji, na hajaonekana tena. Msichana wa kiti cha arobaini na mbili alishinda mdahalo wake, akapigiwa makofi mengi.

Msichana huyo ni mimi. Nimesema majukwaani mbele ya mamia, lakini humu behewani kila nikitaka kusimama nijibu, nainamisha macho tena. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia. Nilipanda na chaji kamili. Sasa imebaki asilimia mbili, na betri yangu ya akiba imekufa. Unasikia harufu hiyo? Mkaguzi mpya yuko safu ya nne kutoka hapa, na treni imeanza kupunguza mwendo.

Nimeiona betri ya akiba mkobani mwako. Naomba uniazime.