Simu Iliyokataa Oda za Madereva

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Akurut alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani mwao aliyekuwa nayo. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda cha mama yake na kumsomea simu. Mama hakuweza kuishika mwenyewe. Saa hiyo mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga wa chapati, na simu haipendi unga.

"Dereva wa lori la simiti anataka maharagwe na chapati," Akurut alisoma. "Yule wa tangi la mafuta anauliza kama leo kuna ugali wa wimbi."

"Mwambie upo, na mboga ni kunde. Na umwambie arudishe sahani yangu ya juzi!"

Malaba ni mji wa kungoja. Malori yanayokwenda Uganda hupanga foleni barabarani, na dereva aliye kwenye foleni hathubutu kuliacha lori lake akatafute chakula. Foleni ikisonga naye hayupo, wenzake watampigia honi mpaka atamani kuzaliwa upya. Kwa hiyo madereva walimwandikia Mama kwenye WhatsApp, naye akawapelekea chakula moto mpaka dirishani. Wapishi walikuwa wengi Malaba. Aliyejibu upesi ndiye aliyeuza.

Kama wafanyabiashara wengi wa mpakani, Mama alikuwa na simu mbili. Kubwa ilikuwa na laini ya Kenya. Ndogo, ile ya vitufe inayoitwa mulika mwizi, ilikuwa na laini ya Uganda. Alizifunga pamoja, mgongo kwa mgongo, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ili akitia mkono kwenye mfuko wa aproni atoke nazo zote. Usicheke. Njoo Malaba siku ya soko uone ni akina mama wangapi wanaotembea na simu zilizofungwa kama mapacha mgongoni.

Kisha kuna ule ujanja wa mtandao. Unaweza kuwa umelala kitandani kwako, Kenya kabisa, simu ikapata ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Mtandao wa ng'ambo umeinasa!

"Imevuka tena bila kitambulisho," Mama husema. Halafu huizima na kuiwasha upya ili irudi nyumbani. Kila mtu pale hufanya hivyo.

Alhamisi moja jioni, Mama alipotoka kwenda kukusanya sahani, aliacha aproni kwenye msumari. Akurut alizichukua zile simu bila ruhusa, akajificha nyuma ya bafu ili ajirekodi akicheza dansi. Alizisimamisha juu ya ukuta, akarudi nyuma, akaanza. Dansi yenyewe ilikuwa nzuri mpaka alipozunguka na kiwiko kikagonga ukuta.

Pwaa! Simu zikaanguka. Tyubu, ambayo ilikuwa kuukuu, ikakatika.

Akurut aliziokota upesi. Kioo hakikuwa na ufa. Simu kubwa iliwaka, ndogo nayo ikawaka. Tatizo lilibaki tyubu. Alikimbia kwa Mzee Oriokot, fundi wa baiskeli, akaomba kipande kilichotupwa chini. Alikizungusha pale pale, akavuta, akazungusha tena, akakaza kama anafunga mzigo wa kuni unaokwenda safari ya mbali. Mama aliporudi, simu zilikuwa mfukoni mwa aproni, na Akurut alikuwa anasoma kitabu cha Sayansi kwa bidii ambayo mwalimu wake hajawahi kuiona.

Kesho yake asubuhi, mtandao ulivuka mpaka kama kawaida. Mama akaizima simu na kuiwasha upya, akampa Akurut asome oda.

Akurut alibonyeza WhatsApp. Haikufunguka. Alama yake ilikuwa imegeuka ya kijivu, kama iliyopakwa jivu la jikoni. Chini kwenye kona ya kioo palikuwa na maneno mawili: Hali salama.

"Salama gani hii?" Mama alisema akifuta mikono. "Madereva wangu wako wapi? Nani ameshika simu yangu?"

Akurut alikumbuka yaliyotokea jana nyuma ya bafu. Aliamini kabisa kwamba kuanguka kule kumevunja kitu ndani. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulikuwa umeshasema, "Quinton alikuwa nayo jana."

Quinton, ndugu yake mdogo, alikuwa anakunywa uji. Kikombe kilibaki hewani. "Mimi? Haki ya nani, sijaigusa! Akurut, si useme ukweli!"

"Kwani dada yako amesema uongo?" Mama aliuliza. "Wewe ndiye huwa unatafuta michezo ya mpira humo ndani. Basi kesho huendi Amukura."

Quinton alikuwa amengoja muhula mzima mjomba wao ampeleke Amukura kwa nyanya yao. Kulikuwa na ndama mpya huko, na nyanya alikuwa ameahidi kwamba yeye ndiye atakayempa jina. Aliweka kikombe chini, akatoka nje. Uji ukapoa ukaota ngozi. Akurut aliutazama uji ule, akachukua mkoba, akaenda shule.

Alipotoka shuleni alikuta sufuria ya maharagwe ikiwa bado imejaa. Chapati zilikuwa zimefunikwa kitambaa, baridi. Madereva waliandika, hawakujibiwa, wakanunua kwingine. Mama alitia simu mfukoni. Alisema tu, "Vaa ndala, twende kwa Mourine."

Mourine alikuwa fundi wa simu sokoni, msichana mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto.

"Boss wa chapati!" alipaza sauti. "Leo umeniletea chakula ama shida?"

"Shida, dada. Kijana wangu ameichezea hii, sijui amebonyeza wapi."

Mourine aliifungua tyubu, akaiweka kando, akaitazama simu kubwa. "Ah, hii haijafa. Imejifungia tu. Hali salama maana yake inawaka na vile vitu ilivyotoka navyo kiwandani. Programu ulizoongeza mwenyewe, kama WhatsApp, zimo bado, lakini imezifungia mlango. Lazima kijana alifinya kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Dawa yake ni kuizima na kuiwasha bila kugusa kitufe kingine."

Aliizima, akaiwasha. Yale maneno ya kona hayakuwapo. WhatsApp ikafunguka.

"Asante, dada! Akurut, zifunge twende."

Akurut akazifunga. Akazungusha, akavuta, akakaza. Alifurahi. Simu ilikuwa imepona na hakuna aliyejua lolote. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Quinton ameketi peke yake akichora ng'ombe kwenye mchanga, na ile furaha ikapungua.

Jumamosi alfajiri, mtandao ulivuka tena. Mama akaizima simu, akaiwasha. Kijivu! Hali salama!

"Na leo je?" Mama alisema polepole. "Quinton hajaikaribia kabisa."

Walirudi kwa Mourine kabla hajamaliza kupanga meza yake. Mama alikuwa na haraka. Siku hiyo Wandera, dereva aliyeongoza msafara wa malori kutoka Mombasa, alitarajiwa kufika, na Wandera huagizia chakula wenzake wote. Tena alikuwa mtu wa kuuliza mara moja tu.

Mourine alifungua tyubu, akaizima simu, akaiwasha. Ikawaka vizuri. Alijikuna kichwa. "Hii simu yako inaniogopa, mama. Kwangu inapona, kwako inaugua. Kama kijana hajaigusa, basi kuna programu mbaya ndani inayoisumbua. Sasa sijui ni ipi. Imebaki dawa moja: nifute kila kitu, irudi kama siku uliyoinunua."

"Kila kitu?" Mama aliuliza. "Namba za madereva wangu zote zimo humo. Na oda zao."

"Umezihifadhi mahali pengine?"

Mama alitikisa kichwa. Aliwapata wateja wale mmoja mmoja, akitembea na ndoo ya chapati kando ya malori, kwenye jua na kwenye mvua.

"Kuliko kila siku nirudi hapa," alisema kwa sauti ya chini, "basi futa. Nitaanza upya."

Kidole cha Mourine kilishuka kuelekea kwenye kioo.

"Msifute!" Akurut alipiga kelele mpaka muuza nyanya wa jirani akageuka. "Si programu. Si Quinton. Ni mimi! Niliiangusha Alhamisi nikijirekodi dansi. Tyubu ya zamani ilikatika, nikatafuta nyingine, nikazifunga mwenyewe, nikakaza sana ili Mama asijue."

Mama alimgeukia Akurut, uso umekunjamana.

Lakini macho ya Mourine yalikuwa yamewaka. "Ngoja. Rudia hapo pa kukaza. Hebu zifunge nione, vile ulivyozifunga."

Akurut alizifunga vile vile. Mourine alizigeuza ubavuni, kisha akacheka mpaka akapiga meza. Tyubu ilikuwa imepita juu kabisa ya kitufe cha kupunguza sauti, ikakifinya ndani.

"Mama, siku hizi simu hii huita ukipigiwa?"

"Haiiti. Nilidhani ni kelele za malori."

"Itaitaje! Kitufe cha kupunguza sauti kimefinywa mchana kutwa! Na kila ukiiwasha ikiwa imefungwa hivi, ni kana kwamba kuna mtu anakishikilia. Inadhani umeiagiza ijifungie, nayo inatii. Tazama."

Aliizima na kuiwasha ikiwa imefungwa. Hali salama. Akaifungua tyubu, akahakikisha kitufe hakijakwama, akaizima na kuiwasha tena. Maneno yakatoweka. Akaongeza sauti, na papo hapo simu ikaanza kulia kama kuku waliofunguliwa bandani. Meseji juu ya meseji! Ya mwisho ilikuwa ya sauti, na Mourine akaifungua ili wote wasikie.

"Mama Akurut! Wandera hapa. Tumefika Amagoro, hapo karibu yako. Umenyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Wenzangu wanataka kwenda kwa yule jirani yako wa supu, mimi nimewaambia wangoje kidogo. Kidogo tu! Uko ama umetuhama?"

Mama aliinyakua simu. "Niko, Wandera! Niko kabisa. Leteni matumbo yenu!"

Mourine hakutaka malipo ya siku ile. Alisema kicheko kilimtosha, ila chapati moja hangekataa.

Njiani kurudi, Mama alitembea mbele kwa haraka. Akurut alimfuata akihesabu makosa yake. Walipofika, Mama alimwita Quinton, akamwambia Akurut, "Sema."

Akurut alimeza mate. "Quinton, ni mimi niliyeiangusha simu. Nilikusingizia. Nisamehe."

"Nilisema si mimi!" Quinton alifoka. "Nilisema, mkakataa! Mama, sasa nitaenda Amukura?"

"Mjomba wako ameshaondoka asubuhi, mwanangu," Mama alisema, akamshika bega. "Nimekuonea, na mimi pia nisamehe. Nilihukumu kabla ya kuuliza vizuri. Jumamosi ijayo utaenda, na nitamwomba nyanya asimpe ndama jina kabla hujafika. Wiki hii yote, maji yako atayachota Akurut."

"Na kuni?"

"Na kuni."

"Na kuosha viatu vyangu?"

"Quinton, usizidishe."

Akurut alianza kukanda unga bila kuambiwa. Mama alisimama kando yake, akiviringa chapati. Kisha Mama akasema, sasa bila hasira:

"Unajua, simu kuanguka ni bahati mbaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuimwagia supu. Ungeniambia siku ile ile, ningenung'unika mpaka ugali uive, halafu ningesahau. Lakini wewe ulisema uongo. Mourine ni fundi mzuri, na alitaka kutibu ugonjwa usiokuwepo kwa sababu tulimpa habari za uongo. Ndugu yako akaadhibiwa bure. Mimi nikakaribia kufuta kazi yangu ya miaka kwa mkono wangu mwenyewe. Kuanguka hakukufanya hayo yote, Akurut. Uongo ndio uliofanya."

"Niliogopa, Mama."

"Najua. Na leo uliogopa zaidi, mbele ya watu wa soko, na bado ukasema. Hilo nimeliona. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema nimefanya hivi na hivi. Usikate kipande, usiongeze kipande. Hapo ndipo kutengeneza kunapoanzia."

Nje, honi zilianza kulia barabarani, moja, kisha nyingi, msafara ukiingia Malaba. Mama alifunika sahani ya kwanza, akampa Akurut, ya pili akampa Quinton.

"Haya, pelekeni," alisema. "Wenye njaa hawataki hotuba."