Sawa, Sawa

Mashine ya Mfumadamu ilikuwa inafuma damu ya Kalunde tone kwa tone, bila kupumzika na bila kuomba chai. Tabora ya mwaka 2094, mgonjwa wa selimundu hakusubiri tena wachangiaji. Mashine ilimtengenezea protini mpya ya kubeba oksijeni: vipande vinne, yaani jozi mbili tofauti zinazotazamana. Kipande kimoja kikidaka oksijeni, vingine vinajigeuza kupokea. Kimoja kikiachia, vyote vinalegea.

Skrini ilionyesha oksijeni asilimia mia. Lakini Kalunde alihema kama aliyepanda ghorofa na gunia la karanga kichwani.

"Dada, hewa haifiki."

Nyamizi, dada yake na fundi wa mashine ile, akatazama skrini tena. Mia. Nesi Kapufi, mzee wa utani mwingi, hakuwa na habari na skrini. Alikodolea macho mrija unaotoa damu mwilini.

"Mwanangu, damu inayorudi huwa imechoka, nyeusinyeusi," alisema. "Hii inarudi inang'aa kama ilivyokwenda. Imetembea tu, mzigo haikushusha."

Nyamizi akakuza picha ya protini. Ilipendeza mno: vipande vyote vinne vilifanana, hujui kipi ni kipi. Jozi mbili hazikuwepo. Vilishika oksijeni kama mtoto aliyeshika pipi, kuachia havijui.

Akafungulia kumbukumbu ya sauti. Asubuhi mashine ilimuuliza vipande viweje. Wakati huohuo mama yao alikuwa kwenye simu, akimsisitiza amwangalie mdogo wake. Nyamizi alimjibu mama, "Sawa, sawa."

Mashine ikavifanya sawa.

Njia ilikuwa moja: kuitoa damu mpya na kurudisha ya zamani iliyohifadhiwa kwenye mifuko, pamoja na maumivu yake. Nyamizi alishindwa kumwambia. Kalunde akamtangulia.

"Nirudishie yangu. Inauma, lakini inafika."

Baada ya nusu saa alihema vizuri. Kisha maumivu yakaingia magotini, akauma shuka. Kapufi akampa mkono wake aubane, akamwambia avunje kidole chochote ila cha pete.

Nyamizi alianza upya, akiisomea mashine jozi moja moja.

"Dada," Kalunde akauliza, "sasa sawa?"

Taa ya kusikiliza ikawaka kwenye mashine. Kapufi akaweka kidole mdomoni. Nyamizi akaliziba sikio la mashine kwa kiganja, akamgeukia mdogo wake na kuitikia kwa kichwa.