Fahali wa Blanketi

Nyumbani kwa Sylvanus Shitanda, karibu na soko la Lubao, asubuhi ilianza kama kwa majirani wengine. Jogoo waliwika. Chai ilichemka jikoni. Jescah, mke wa Sylvanus, alitoka na ndoo kwenda kukamua. Navalayo, binti yao mkubwa, alifagia uwanja.

Jambo moja tu halikuwa la kawaida. Katika boma hilo hakuna mtu aliyetamka neno "ng'ombe".

"Mama, mgeni ameshakamuliwa?" Navalayo aliuliza.

"Nimemkamua. Leo mgeni ametoa maziwa mengi."

Mpita njia angesikia maneno hayo, angekimbia moja kwa moja kwa chifu. Lakini watu wa nyumba hiyo hawakuwa wabaya. Walikuwa wakimficha Sylvanus jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua vizuri kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Katika sehemu zile watu wanapenda mchezo wa mafahali kupita kiasi. Alfajiri firimbi hulia, ngoma za isukuti hupigwa, mafahali wawili husukumana vichwa, na watu wazima hupiga kelele kama watoto. Sylvanus alikuwa na fahali hodari. Alimwita Gavana, kwa sababu alikuwa mnene na hakuwa na salamu kwa mtu.

Siku moja, huko Shinyalu, Gavana alishindwa. Aligeuka ghafla, akakimbia. Sylvanus alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo. Gavana alimkanyaga, akamrusha mtaroni, akaenda zake. Sylvanus alivunjika mbavu. Hospitalini walimtibu vizuri, na mbavu zikaunga. Gavana akauzwa.

Lakini Sylvanus hakurudi kuwa yule wa zamani. Akisikia ng'ombe analia, moyo wake ulienda mbio na jasho lilimtoka. Usingizini alipiga mateke mpaka Jescah akahamia kitanda cha watoto. Sokoni hakwenda tena, kwa maana Lubao ni soko la mifugo. Watu wakimuuliza, alijibu, "Mbavu bado zinauma kidogo."

Huyu alikuwa mtu aliyejulikana kwa mafahali tangu ujana wake. Aibu ilimla kuliko hofu yenyewe.

Jescah alimpenda mume wake. Basi akaamua kulizika jambo hilo. Aliwaambia watoto, "Msitaje mambo ya Shinyalu. Msitaje hata yule mnyama. Baba yenu akisahau, atapona." Walinyamaza wote. Na kadiri walivyonyamaza, ndivyo Sylvanus alivyozidi kukaa ndani.

Kisha Navalayo akaposwa. Mchumba wake alikuwa Patroba, kijana mpole wa Butali. Wazee wa Butali walituma habari kwamba baada ya mavuno wangeleta ng'ombe wa mahari.

Navalayo alifurahi siku nzima. Jioni, wakiwa wanachambua mboga, furaha ilimwisha.

"Mama, kamba ya ng'ombe wa kwanza atashika nani?"

Kwa desturi yao, baba wa binti ndiye anayepokea kamba ile kwa mkono wake. Baba akiwa hai, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuishika badala yake.

"Baba yako atashika."

"Na asipotoka nje?"

"Watasema baba yako hamtaki Patroba," Jescah alisema kwa sauti ndogo. "Watarudi Butali na ng'ombe wao."

Navalayo aliinamia mboga. "Na mimi Patroba nampenda," alisema. Machozi yakamdondoka.

Cornelius, mdogo wake Sylvanus, alisikia habari hiyo. Cornelius alikuwa mtu wa vitendo. Hakuwa mtu wa kufikiri sana kabla ya vitendo.

"Shemeji, mimi naona mnambembelezanga sana," alimwambia Jescah. "Dawa ya moto ni moto."

Kesho yake alikuja na fahali wa jirani. Alimleta mpaka mlangoni, akamfunga pale, akapiga hodi. Sylvanus alifungua mlango. Alikutana uso kwa uso na pua kubwa yenye unyevu.

Hakuna aliyeona Sylvanus alivyopita. Walimwona tu akiwa juu ya ghala la mahindi, ameshika nyasi za paa kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa hapumui vizuri. Alikataa kushuka, na alikataa kusema neno lolote na ndugu yake.

Kelele zilimfikia Ayuma, jirani yao. Ayuma alikuwa mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, na watu walimwita Mwalimu. Wiki chache nyuma alikuwa Amalemba, mjini Kakamega, kwenye mafunzo ya kuponya kwa hadithi na michezo ya kuigiza. Alikuja mbio, kitenge kikiwa begani.

"Cornelius, mwondoe huyo fahali," alisema. "Na wewe Baba Navalayo, kaa huko juu mpaka upumue. Hakuna anayekuharakisha."

Fahali aliondolewa. Baadaye Sylvanus alishuka. Alikaa kwenye kigoda, akaangalia chini.

"Mwalimu, sasa mmeona wenyewe," alisema. "Mimi si mwanaume tena."

"Nimeona mtu aliyeumizwa," Ayuma alijibu. "Mbavu zako zilipata daktari. Moyo wako haukupata mtu. Bado umelala mtaroni kule Shinyalu."

"Lakini tumemsaidia," Jescah alisema. "Hapa hatutajanga hiyo maneno kabisa."

"Najua, Mama Navalayo. Mlifanya hivyo kwa upendo. Lakini jambo la kutisha likifungiwa ndani halifi. Linabaki kuwa jambo la leo, kila siku. Mtu akilisimulia polepole, kwa watu anaowaamini, linaanza kuwa jambo la jana."

Cornelius alikohoa. "Na mimi nilikosea wapi? Si nimemwonyesha tu kwamba ng'ombe ni ng'ombe?"

"Ulimlazimisha. Mtu aliyetishwa akilazimishwa, anatishwa mara ya pili. Ndiyo maana amefika juu ya ghala."

"Mimi nilidhani ameruka vizuri tu," Cornelius alisema, na Sylvanus akataka kucheka, akajizuia.

Ayuma aliona kicheko hicho kidogo. Akavuta kigoda.

"Kule Amalemba tulifundishwa njia nyingine. Tunatumia hadithi na mchezo. Lakini kuna masharti. Mwenye hadithi ni wewe. Ukisema 'basi', sote tunasimama. Hakuna wa kukucheka, na maneno ya hapa hayatoki nje ya boma. Unakubali tujaribu?"

Sylvanus alifikiri. Alimwangalia binti yake. "Tujaribu," alisema.

Ayuma hakumwambia asimulie. Aliweka mkeka chini. Akaomba vitu vidogo vya nyumbani: kibiriti, gunzi la mahindi, maharagwe kiganja kimoja.

"Kibiriti ni fahali fulani," alisema. "Gunzi ni mtu fulani. Maharagwe ni watazamaji. Tupangie walikuwa wapi."

Sylvanus aliona ni mchezo wa watoto. Hata hivyo aliyapanga maharagwe. Aliweka kibiriti katikati. Alilishika gunzi muda mrefu kabla ya kuliweka nyuma ya kibiriti.

"Huyu mtu alisimama hapa," alisema. "Alikuwa na fimbo. Alikuwa anajisikia mkubwa sana."

"Halafu?"

Alikigusa kibiriti, akauondoa mkono haraka. "Basi," alisema.

Ayuma alifunika vitu kwa kitenge chake pale pale. Hakuuliza zaidi. Wakanywa chai.

Siku iliyofuata Sylvanus mwenyewe ndiye aliyeuliza kibiriti kiko wapi. Siku hiyo kibiriti kilikimbia, na gunzi likaanguka mtaroni. Sylvanus alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya mke wake na ndugu yake, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Jescah alimshika mkono. Usiku huo alilala bila kupiga mateke, naye Jescah akarudi kitandani kwake.

"Sasa tucheze kwa miili yetu," Ayuma alisema wiki iliyofuata. "Tunahitaji fahali."

Alileta blanketi la kijivu. Jescah akawa kichwa. Cornelius akawa miguu ya nyuma. Miiko miwili ikawa pembe. Fahali huyo alikuwa na shida moja: kichwa kilitaka kwenda kushoto, na matako yalitaka kwenda kulia.

"Shemeji, geuka," alisema Cornelius kutoka gizani.

"Mimi ndiye kichwa. Wapi umeona mkia ukiamuru?"

"Basi usinikanyage."

"Gavana hakusemanga maneno mengi namna hii," Sylvanus alisema. Alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta. Lakini alikuwa anacheka. Navalayo alimwangalia baba yake kwa mshangao. Alikuwa amesahau sauti ya kicheko kile.

Ayuma alimpa kazi ya kuwaongoza. "Wewe ndiye unayejua ilivyokuwa. Mwambie fahali asimame wapi, akimbie lini, apite wapi."

Kwa mara ya kwanza Sylvanus aliliamuru jambo lile lililokuwa likimwamuru. Alimsimamisha fahali. Alimrudisha nyuma. Alimfanya akimbie polepole, kisha haraka, kisha akamwambia alale, na fahali akalala, akilalamika kwa sauti mbili.

Siku nyingine Ayuma alimwuliza, "Je, ungependa wewe mwenyewe uwe Gavana?"

Sylvanus aliingia chini ya blanketi. Cornelius akachukua fimbo. Jescah na Navalayo wakapiga firimbi na kugonga debe.

"Gavana, umeshindwa," Ayuma alisema. "Unaona nini?"

Blanketi liligeuka huku na huku.

"Naona watu wengi," sauti ilijibu. "Wote wanapiga kelele. Pembe inauma. Naogopa. Natafuta njia ya kwenda nyumbani." Blanketi likarudi nyuma hatua moja. "Na kuna mtu mmoja amesimama kwenye njia yangu. Simjui. Mimi nataka kupita tu."

Sylvanus alijifunua. Jasho lilimtoka, lakini macho yake yalikuwa maangavu.

"Alikuwa anaogopa," aliwaambia. "Mimi siku zote nilifikiri alinichukia. Kumbe alikuwa anaogopa kama mimi."

Kila mchezo ulipoisha, Ayuma hakuwaacha waondoke hivi hivi. Waliukung'uta mchezo kwenye mikono na miguu, kama mtu anayekung'uta vumbi la njiani. Kisha kila mtu alitaja jina lake. "Mimi si Gavana. Mimi ni Sylvanus Shitanda, baba yake Navalayo. Niko nyumbani kwangu." Cornelius aliona ni upuuzi, mpaka siku aliyosahau kufanya hivyo, akashinda amekasirika bila kujua sababu.

"Na hadithi inaponya kila kitu?" Jescah aliuliza.

"Hapana," Ayuma alisema. "Mbavu zilihitaji hospitali. Malaria inahitaji dawa. Na mtu akikosa usingizi kwa muda mrefu, au akisema hataki kuishi, tunampeleka kwa daktari hata kama tunacheza naye. Mimi ni jirani niliyefundishwa kidogo. Lakini hofu ya namna hii inahitaji watu, na watu mko hapa."

Baada ya blanketi walikwenda kwa ndama wa ng'ombe wao. Sylvanus alimtazama kutoka dirishani. Siku nyingine alisimama mlangoni. Siku nyingine alimpa chumvi, naye ndama akamlamba kiganja kwa ulimi wake unaokwaruza. Mambo hayakwenda mbele siku zote. Kuna siku fahali wa jirani alilia, na Sylvanus akarudi ndani akafunga mlango. Hakuna aliyemlaumu. Kesho yake walianza tena kwa kibiriti.

Mavuno yakapita. Wageni wa Butali wakaja.

Jescah alikuwa amepika obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kutosha, kwa maana mkwe hapewi mboga tupu. Wanawake walipiga vigelegele. Ng'ombe waliingia uwanjani wakifuatana, na mbele yao alikuwa jike mwekundu mwenye pembe ndefu. Baba mkubwa wa Patroba, mzee mrefu mwenye koti jeusi, alishika kamba yake.

"Baba wa binti yuko wapi?" mzee aliuliza.

Navalayo alikuwa nyuma ya dirisha, vidole mdomoni. Cornelius alitaka kupiga hatua. Ayuma akamshika shati.

Sylvanus alitoka ndani. Alitembea mpaka katikati ya uwanja. Ng'ombe mwekundu alitikisa kichwa, na Sylvanus akasimama. Kila mtu aliona mkono wake ukitetemeka.

Zamani angesema mbavu zinauma.

"Wakwe zangu, karibuni," alisema. "Msishangae mkono huu. Fahali alinikanyaga Shinyalu, na tangu siku hiyo naogopa ng'ombe. Hata sasa naogopa kidogo. Lakini Patroba tunamtaka, na kamba nitaishika."

Akapumua. Akaunyoosha mkono. Akaishika kamba.

Ng'ombe alimnusa shati. Sylvanus hakurudi nyuma. Aliweka kiganja kwenye shingo yake, kisha akapitisha mkono mgongoni mpaka mkiani, akizunguka taratibu, kama baba wa binti anavyopaswa. Alipomaliza, alikunja uso.

"Huyu amekonda," alisema. "Huko Butali mnawalisha nini, upepo?"

Uwanja mzima ulicheka. Watu wa Butali walicheka zaidi, kwa sababu kwa desturi baba wa binti akikosa kulalamika, bado hajaridhika. Isukuti ikaanza. Navalayo alitoka ndani bila kuitwa, akamkumbatia baba yake mbele ya wakwe, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyemkemea.

Watu walipokuwa wakila, mzee mwenye koti jeusi alivuta kiti karibu na Sylvanus. Alimega tonge, akalishika tu bila kula. Aliangalia kulia na kushoto.

"Mkwe," alisema polepole, "mwaka juzi shamba letu la miwa liliungua, na mimi nilikuwa ndani. Mpaka leo mke wangu akiwasha jiko, natoka nje. Sijawahi kumwambia mtu."

Sylvanus aliacha kula.

"Nani alikufundisha kusema maneno yako mbele ya watu," mzee akauliza, "na anakaa wapi?"

Sylvanus alimnyooshea kidole Ayuma, aliyekuwa akicheza isukuti na Cornelius. Kisha akasogeza kiti chake karibu zaidi.

"Nitakupeleka kwake," alisema. "Lakini kula kwanza. Halafu uniambie, huo moto ulianzia upande gani?"