Mgeni Aliyezaliwa Hapa Hapa

Kila asubuhi Clifford Hardcastle huweka maji ya chai jikoni, hufungua gazeti, halafu hugombana nalo. Ndivyo siku inavyoanza nyumbani kwao, hapa mtaani kwetu Keighley, Uingereza. Zamani alikuwa dereva wa basi. Sasa amestaafu, hana abiria wa kuwafokea, basi gazeti ndilo linalokiona cha moto.

"Wageni tena!" alisema asubuhi moja ya Juni. "Wanakuja na ndege, wanatibiwa bure, wanaondoka zao. Nani analipa? Mimi! Walipe, bwana!"

"Kunywa chai, mzee," alisema mkewe, Brenda. "Inapoa."

Mezani alikuwepo pia Avril, mdogo wake Brenda. Alikuwa amefika juzi yake kutoka Kanada. Avril alizaliwa katika nyumba hii hii. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sufu, kisha akaolewa na kuhamia Kanada. Mumewe amefariki, lakini watoto na wajukuu wako huko, kwa hiyo na yeye yuko huko.

Binti yake alimshauri akate bima ya safari. Avril alimcheka. "Bima ya nini, we mtoto? Naenda kwetu. Kwetu hospitali ni bure, na kodi nililipa kabla sijakuzaa wewe!"

Hilo ndilo kosa letu, sisi watu wa hapa. Tunadhani mtu akizaliwa hapa, hospitali ni yake mpaka kaburini, hata akihamia mwezini.

Asubuhi hiyo Avril hakugusa mkate wake.

"Una nini, mdogo wangu?" aliuliza Brenda.

"Mguu. Ni uchovu wa ndege tu."

Brenda akainama kuutazama. Lo! Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti kwenda chini. Ulikuwa mwekundu na wa moto. Wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Brenda akakimbilia dawa ya kuchua, akapiga magoti, akaanza kuusugua.

"Twende hospitali," alisema.

"Sawa, tutaenda," alisema Avril. Halafu akasita. "Brenda, hivi wataniuliza naishi wapi?"

Clifford akaliweka gazeti chini taratibu.

"Watakuuliza," alisema. "Siku hizi wanauliza kila mtu."

"Na nikisema Kanada?"

Clifford alijikuna kichwa. Kila siku alikuwa akisema wageni walipe. Hakuwahi kufikiri kwamba mgeni mwenyewe anakula mkate mezani kwake.

"Basi usiseme," alijibu. "Sema wewe ni Brenda. Mnafanana kama mayai. Nani atajua?"

"Clifford!" alisema Brenda.

"Mbona unashangaa? Huyu si mgeni! Mgeni gani anajua chungu kiko kabati gani?"

"Au nirudi," alisema Avril. "Nibadilishe tiketi, nipande ndege kesho, nikatibiwe kwetu."

"Kwetu wapi tena?" aliuliza Brenda. "Juzi kwetu kulikuwa hapa."

Hapo hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Rukhsana, jirani wa mlango wa pili. Mtaani kwetu, mtu akiwa kazini, mzigo wake wa posta hupokelewa na jirani. Rukhsana alikuja kuchukua wake.

Lakini Rukhsana si jirani tu. Anafanya kazi hospitalini, katika ofisi inayoshughulika na wagonjwa wanaotoka nje ya nchi. Alipoingia jikoni, mzigo aliusahau. Macho yake yalitua kwenye mguu wa Avril.

"Bi Brenda, acha kusugua!" alisema. "Acha sasa hivi!"

Brenda akaondoa mikono kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

"Mguu mmoja umevimba baada ya safari ndefu," alisema Rukhsana. "Inawezekana damu imeganda ndani. Ukiusugua, bonge linaweza kung'oka likapanda kwenye mapafu. Bi Avril, unapumua vizuri?"

"Tangu alfajiri kifua kinabana kidogo," alisema Avril. "Sikutaka kuwatia hofu."

"Basi hakuna kusubiri. Vaa koti. Gari langu liko nje."

"Ngoja, mwanangu," alisema Clifford. "Tulikuwa tumepanga atumie jina la Brenda."

Rukhsana alimgeukia. Hakukasirika, lakini alisema polepole ili kila neno lisikike.

"Bi Brenda anatumia dawa gani kila siku?"

"Ya kuzuia damu isigande," alijibu Brenda. "Kwa ajili ya moyo wangu."

"Daktari akifungua kompyuta kwa jina lako, ataona hiyo dawa. Atajiuliza, huyu damu yake inagandaje na dawa anakunywa? Anaweza kufikiri ni kitu kingine. Na akimpa dawa Bi Avril, ataipima kwa figo zako na umri wako. Mzee Clifford, hapo hujaokoa pesa. Hapo umeua mtu."

Clifford akaenda kuleta koti la shemeji yake.

Garini Avril alikaa mbele, mkono kifuani.

"Rukhsana, mimi sina bima," alisema. "Watanifukuza?"

"Hawakufukuzi. Idara ya dharura ni bure kwa kila mtu, awe ametoka Kanada au Korea. Ukilazwa wodini, hapo ndipo malipo yanaanza kwa asiyeishi hapa. Lakini matibabu yasiyoweza kungoja hayazuiwi, hata kama huna senti. Unatibiwa kwanza. Bili inakuja baadaye."

"Lakini huyu amelipa kodi miaka mingapi!" alisema Clifford kutoka kiti cha nyuma. "Pesa zake ziko wapi?"

"Zimeshaliwa, Mzee. Wewe unadhani kodi ni kibubu, kila mtu ana chake, anakivunja akiugua? Si hivyo. Kodi ya jana ilimtibu mgonjwa wa jana. Labda ilimtibu mama yako. Mgonjwa wa leo anatibiwa kwa kodi ya leo, na Bi Avril kodi ya leo anailipa Kanada. Ndiyo maana hospitali haiulizi ulizaliwa wapi, wala una pasipoti ya rangi gani. Inauliza makazi yako ni wapi."

"Na hawa wanafunzi wa kigeni wanaojaa pale chuoni?"

"Wale hulipa ada ya matibabu wanapoomba viza, kabla hata hawajapanda ndege. Na mtu akiwa na kifua kikuu, anatibiwa bure, awe nani. Kifua kikuu hakiulizi pasipoti. Asipotibiwa yeye, kesho unakohoa wewe."

Clifford alitazama nje dirishani.

Hospitalini karani wa mapokezi alikuwa dada mmoja mwenye miwani.

"Jina lako, mama?"

Avril alimtazama dada yake. Brenda alimtikisia kichwa: usitumie langu.

"Avril Pelletier," alisema.

"Unaishi hapa Uingereza?"

Avril aligeuka. Dirishani aliuona mlima aliokuwa akiupanda utotoni. Barabara ya kwenda kiwandani ilikuwa pale pale chini.

"Hapana," alisema. "Nilizaliwa hapa. Lakini naishi Kanada. Mimi ni mgeni."

Machozi yakamtoka. Kulitamka neno lile kulimuuma kuliko mguu. Brenda akamshika mkono, akaubana.

Karani aliandika. "Pole, mama," alisema. "Kaa kwenye kiti hiki cha magurudumu. Nesi anakuja."

Basi. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemfokea.

Walimpima mguu, wakampiga picha kifua. Kweli damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kimoja kilikuwa kimeshafika kwenye pafu. Wakampa dawa hapo hapo, wakamlaza. Kesho yake daktari alizungumza na familia kando ya kitanda chake.

"Mmemleta kwa wakati," alisema. "Kama angepanda ndege na hali hii, sijui kama angeshuka mzima."

"Na kama tungekosea jina?" aliuliza Brenda kwa sauti ndogo.

Daktari alimtazama, akaelewa. "Kama ningesoma kumbukumbu za mtu mwingine, pengine ningempa vidonge vya maumivu, nikamwambia arudi nyumbani."

Clifford aliondoka bila kuaga. Alirudi na vikombe vya chai. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Shemeji," alisema, "mimi nilitaka kukuua."

"Ndiyo," alisema Avril. "Tena mngenizika kwa jina la Brenda. Kaburi langu, jina la mwenzangu!"

"Na mimi wangenikatia pensheni," alisema Brenda. "Marehemu halipwi!"

Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka nao. Clifford peke yake alikuwa akicheka huku anafuta macho.

Rukhsana alipita jioni, safari hii kikazi. Alimweleza Avril kwamba bili ya wodi ipo, na si ndogo. Kwa kuwa hawezi kuilipa yote mara moja, atapangiwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi.

"Hivi hii ni haki?" aliuliza Clifford. Safari hii aliuliza kweli. Hakuwa anabisha.

"Hata ofisini kwetu tunabishana," alisema Rukhsana. "Wengine wanasema asiyechangia naye achangie. Wengine wanasema kuwafuatilia wagonjwa walipe kunatugharimu kuliko kinachopatikana. Mimi ninalolijua ni moja. Anayekuja akate bima kabla ya safari. Na aliyesahau, asikae nyumbani na ugonjwa kwa kuogopa bili. Deni hulipwa. Maiti hafufuliwi."

Avril alipona. Alikaa Keighley mpaka daktari aliporidhika kwamba anaweza kusafiri, kisha akarudi kwa wajukuu. Kila mwezi alilipa sehemu yake bila kukosa.

Kiangazi kilichofuata alikuja tena. Safari hii alikata bima kwanza, tiketi baadaye. Ndegeni alikunywa maji na kutembeatembea, na miguu yake ilifika sawasawa. Alipata kikohozi tu. Clifford akampeleka kwenye zahanati ya mtaa. Kumwona daktari pale ni bure, hata kwa mgeni, na Avril sasa alilijua hilo. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa, na Avril alisimama mbele ya karani.

"Mwambie ukweli, shemeji!" Clifford alipaza sauti, akiinuka kwenye kiti chake. Watu wote wakageuka. "Mwambie unaishi wapi!"

"Nimeshamwambia, Clifford," alisema Avril. "Kaa chini."