Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Jumamosi ile soko la La Cancha lilikuwa limefurika hata njia za kupita zilizibwa na mikokoteni ya viazi. Kwenye kibanda cha vifaa vya kamera, kijana mrefu aliyevaa koti la jinzi lililopauka alikuwa akigombana na muuzaji.

"Lenzi yako mbovu. Nimepiga picha nyumba ya watu, kuta zimevimba kama pipa."

"Lenzi nzima hiyo," akasema msichana aliyesimama nyuma yake. "Lenzi pana zote hupinda mistari. Inanyooshwa kwenye kompyuta."

Kijana akageuka. Akaona sketi ya kijani, nywele zilizosukwa mkia mmoja, na macho mekundu ya mtu anayeshinda mbele ya kioo cha kompyuta.

"Na huu uzambarau kwenye kingo za madirisha?"

"Unaondoka. Na giza la pembeni pia."

"Basi nikuletee picha, au nijilete mwenyewe?"

"Lete picha," akasema, ila alicheka.

Aliitwa Delmira. Mama yake, Bi Herminia, alikuwa na studio ya picha mjini Cochabamba, na Delmira ndiye aliyesahihisha picha za wapigapicha wote waliomletea mama kazi. Alifanya hivyo katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, asubuhi hadi jioni. Dada yake mkubwa alikwenda Hispania miaka tisa nyuma, akaahidi kurudi Krismasi, ila hakurudi, na simu zake zikakoma. Tangu hapo Bi Herminia hakumruhusu binti aliyebaki kwenda mbali kuliko sokoni, tena Jumamosi tu.

Kijana, Wilder, alipiga picha za nyumba zinazouzwa. Alituma picha za kuta zake zilizovimba, zikarudi zimenyooka. Kisha simu zikaanza.

"Malkia wa mistari, umekula?"

"Nimekula. Ongea polepole, mama yuko mlangoni."

"Utatoka lini humo?"

"Jumamosi."

"Mimi sisemi habari ya Jumamosi, mpenzi."

Delmira alijua anachoulizwa. Usiku aliota anatembea barabarani, akifika kona barabara inamrudisha chumbani.

Mwezi wa nne, mpigapicha mmoja alileta picha za ubatizo. Delmira akazifungua moja moja, na katika ya tisa akamwona Wilder, amevaa suti, amesimama ukingoni kabisa mwa picha. Mwanamke mnene alikuwa ameegemea bega lake, tumbo limetangulia kama la miezi saba. Mkono wa Wilder ulikuwa mgongoni mwake.

Akafunga kompyuta. Simu ilipolia hakupokea. Ikalia siku iliyofuata, na iliyofuata tena.

"Ndivyo walivyo," Bi Herminia alisema akimpangusia machozi, na sauti yake haikuficha nafuu. "Hapa una mimi."

Delmira akalala kitandani, akaona kuta zinamsogelea. Sasa hakuwa hata na Jumamosi. Sokoni hakutaka kwenda.

Baada ya wiki tatu wenye ubatizo wakadai picha zao. Hakukuwa na namna, akaifungua ile ya tisa. Akanyoosha nguzo za kanisa, akasafisha kingo, kisha akarudisha ndani watu wa pembeni, maana lenzi pana huwavuta wakaonekana wanene. Mwanamke akapungua. Tumbo likawa sweta lililokunjwa na kushikwa tumboni. Uso uliokuwa umetanuka ukawa mwembamba, wenye kidevu kilekile na nyusi zilezile za Wilder.

Kazi ya Delmira ilikuwa hiyo, kila siku, kwa picha za watu wengine. Akampigia Wilder simu.

"Una dada?"

"Ninaye. Yesenia. Wiki tatu hupokei simu, leo unamuulizia dada yangu?"

"Nilimwona kwenye picha nikadhani ana mimba yako."

"Mungu wangu. Yesenia akisikia atakuua. Ila ungeniuliza, Delmira. Neno moja tu."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sitaki tena mke wa kwenye simu. Nimepanga vyumba viwili Quillacollo, nusu saa tu kwa basi. Njoo tuoane."

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Delmira alimwambia mama yake. Bi Herminia aliendelea kupakua supu ya karanga.

"Dada yako naye alisema atarudi."

"Mimi sisemi nitarudi, mama. Nasema nitakuja kila Jumapili. Na kazi zako nitazifanyia kule."

"Utanyamaza kama yeye."

"Kutoka Quillacollo hata nikinyamaza utakuja kunigongea mlango."

Mama akamsogezea bakuli. Hakumtazama.

"Supu inapoa," akasema.

Delmira akala mpaka mwisho. Akaosha bakuli, akambusu mama kichwani, akachukua begi. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemuaga. Kwenye kona Wilder alikuwa akingoja.

"Amesemaje?"

"Amesema supu inapoa."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Sijui," Delmira akasema, na machozi yakamtoka. "Nimeimaliza yote."