Maganda ya Rangi Kwenye Bakuli la Uji

Jumamosi hiyo uani kulikuwa kumejaa watu. Mama Kitinda alikuwa anasukwa nywele na shoga yake. Shangazi alikuwa anachambua maharage. Walikuwa wanamsema jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni, akashinda nalo nje siku mbili kama mtu anayengoja basi.

Chini ya kamba ya nguo, Baba Kitinda alikuwa anashughulikia mashua yake. Watu walimwita Nahodha, kwa sababu kazi yake ni kuvusha abiria mtoni. Mashua ilikuwa ya mbao, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kila ikigonga gati, rangi nyekundu ilibanduka ubavuni, na Nahodha hakuweza kuvumilia kuona mashua yake ina madoa.

Aliipindua, akaikwangua, kisha akaisugua kwa msasa mkavu. Vumbi jekundu likapaa. Likatua kwenye nguo, kwenye ungo wa maharage, na kwenye kichwa kilichosukwa nusu.

"Shemeji, unapaka mashua au unatupaka sisi?" shoga akauliza. Wakacheka wote.

Nahodha alitaka rangi mpya ifanane na ya zamani. Basi akakusanya maganda ya ile rangi ili akamwonyeshe muuza duka. Akatafuta chombo, akaona bakuli dogo la plastiki, akayatia humo. Hakujali kwamba ni bakuli la uji la Kitinda, mtoto wao wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na nusu.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Fundi Brashi, jirani yao, mama anayepaka rangi mashua nyingi za pale gatini. Alikuja kuazima ngazi. Akaanza kusalimia, lakini salamu ikamkatikia mdomoni.

Kitinda alikuwa ameketi chini, bakuli lake mapajani. Midomo myekundu. Ulimi mwekundu. Alikuwa anatafuna.

Fundi alimfikia mtoto kabla hata mama yake hajainuka. Akamtoa maganda mdomoni kwa kidole, akamnawisha uso na mikono.

"Rangi hii ni ya lini?" Fundi akauliza.

"Ya marehemu mzee. Imara sana hiyo."

"Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Hiyo ni sumu, Nahodha. Mtoto wako amekula sumu."

Mama Kitinda alisimama na nywele zake nusu. Aliuliza mbona mtoto hakutema. Fundi akamwambia kwamba rangi yenye risasi ina utamu kidogo, ndiyo maana mtoto akishaionja huirudia.

Nahodha akasema mtoto mbona hatapiki, mbona anacheka. Fundi akamjibu kwamba sumu hii huingia kwenye damu kimyakimya na kudhuru akili ya mtoto. Vumbi lake pia ni hatari, hata kwa aliye tumboni.

Shoga alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alijifunika pua kwa mtandio, akatoka uani bila kuaga. Shangazi aliyatazama maharage yake, kisha akayatia yote kwenye pipa la taka.

"Mimi vumbi hili nimelivuta miaka kumi na miwili," Fundi akasema. Akanyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. "Hakuna aliyeniambia."

Saa hiyohiyo walimpeleka mtoto hospitali, akatolewa damu. Wengine waliokuwa uani walipimwa pia. Majibu yalipokuja, daktari alieleza kwamba risasi imo kwenye damu ya Kitinda, na haikuingia siku moja. Akamuuliza Nahodha anafanyaje akitoka kazini. Nahodha akasema hufika na nguo zake za kazi, zenye vumbi la rangi ya mashua, mtoto humkimbilia, naye humbeba.

"Kwa hiyo nilikuwa namletea kila siku," akasema. Akaketi chini, hapo hapo sakafuni.

Daktari alisema kwa kiwango kile dawa haihitajiki. Jambo kubwa ni kuizuia sumu isiingie tena, na mtoto ale vizuri: mboga za majani, maharage, maziwa, mayai. Arudi baada ya miezi mitatu.

Fundi Brashi akamfundisha Nahodha kazi upya. Mashua ikapelekwa mbali na nyumba za watu. Chini wakatandika nailoni. Walilowesha rangi kwa maji kabla ya kukwangua, ili vumbi lisiruke. Walivaa barakoa maalumu za vumbi, kitambaa hakitoshi. Maganda yote yalifungwa kwenye mfuko na kupelekwa mahali ofisi ya afya ilipoelekeza. Mbao zilipokauka kabisa, wakapaka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, halafu rangi mpya iliyoandikwa kwamba haina risasi. Nyumbani hawakufagia vumbi lile. Walilifuta kwa matambara mabichi, sakafu na kuta.

Baada ya miezi mitatu damu ikapimwa tena. Risasi ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Nahodha alimwomba daktari arudie kuyasoma majibu.

Jioni ile alipotoka gatini, penye mashua nyingine za rangi ya zamani, Kitinda alimkimbilia mikono juu. Nahodha akarudi nyuma, akapita ukutani kama mwizi, akaingia bafuni. Mtoto akaupiga mlango kwa viganja na kulia kwa hasira.

"Mwache alie," Mama Kitinda akasema kutoka jikoni. "Jisugue vizuri."

Maji yalimwagika kwa muda mrefu. Kisha mlango ukafunguka, Nahodha akatoka amelowa, amevaa shati safi, akainama, akambeba.