Uji wa Jenerali Radi

"Mtungi usivunjike."

Ni sauti ya Alice, bosi wake, kutoka Nairobi. Nokia ikakatika.

Wanjohi alielewa. Mzee asife.

Alikuwa ndani ya Camry ya kukodi huko Richfield, Marekani, Februari 2004, vioo vimeganda barafu. Ng'ambo ya barabara ilikuwa nyumba ya Jedidah, nesi, ambaye saa hizo alikuwa kazini. Humo ndani alilala babake, Jenerali Radi. Wako waliomwita mkombozi. Wako waliomwita mchinjaji wa watu wake mwenyewe, na wote walikuwa na mashahidi. Mwezi ujao angesimama kortini London kueleza mateso ya kambi za wakoloni, na kuna wazee wa kizungu kule waliotaka afe kabla ya siku hiyo.

Wanjohi naye alikuwa na lake. Babake, Francis, alikuwa mpishi wa kikosi cha Radi msituni, wakati wa kupigania uhuru. Hakurudi. Mamake aliuliza swali moja mpaka akaingia kaburini: mume wangu amelala wapi? Kazi hii ya kumlinda mzee kwa siri Wanjohi aliiomba kwa magoti.

Kinasa sauti alichoficha chini ya kitanda cha mzee kikakwaruza sikioni.

"Guka, uji tayari. Nime-warm poa kabisa." Huyo ni Gilbert, mhudumu mpya wa mchana, aliyemwita mzee babu kwa Kikuyu.

"Onja kwanza," mzee akasema.

Amri ya msituni hiyo: aletaye chakula huonja. Siku hizi mzee alimsahau hata binti yake, lakini ya msituni na kambini aliyakumbuka yote; kuisahau amri hiyo, wapi! Jedidah huonja kila siku huku akicheka.

"Ah, Guka, mimi nimeshiba bwana."

"Onja!"

Kijiko kikagonga bakuli.

Mzee akaguna kama aliyebanwa mdomo.

Mungu wangu! Wanjohi akaruka garini, Glock mkononi, akavuka theluji mbio na kuuvunja mlango kwa bega. Gilbert alikuwa amemshika mzee taya, kijiko kimefika midomoni pa mzee, hakijaingia. Kitako cha bastola kikatua nyuma ya sikio. Gilbert akaanguka kama gunia la viazi.

Pingu. Mfukoni mwake, kichupa cha sumu.

"Mtungi mzima," Wanjohi akasema simuni. "Tumeni gari la mzigo."

Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, unamkumbuka Francis, mpishi wako?"

Macho ya mzee yakachangamka. "Francis alileta uji. Nikamwambia onja. Akakataa. Nikamkata kwa panga, mimi mwenyewe."

Wanjohi akaiweka simu sakafuni.

"Kijana mmoja alikuwa na njaa, akaunywa. Hakudhurika. Ndipo wenzake wakaniambia Francis aliumwa jino, shavu lote limefura, asiweze kuonja chochote." Mzee akalia kidogo, akaacha. "Alikuwa mpishi mzuri."

"Mlimzika wapi?"

"Hatukuzika. Tulikuwa tunakimbia."

Basi. Hapakuwa na kaburi, hapajawahi kuwa.

"Njaa," mzee akasema. "Nipe uji wangu."

Bakuli lilikuwa pale mezani, bado lina mvuke. Gilbert amezirai. Nani angejua? Wanjohi akalishika, na alitaka, wallahi alitaka.

Akaumwaga kwenye sinki. Akapika mwingine.

"Onja kwanza."

Akaonja. Akamlisha mpaka bakuli likaisha.

Gari la kumchukua Gilbert lilipofika, Alice alipiga tena. "Amekwambia lolote kuhusu babako?"

"Amesema alikuwa mpishi mzuri."

Akafunga zipu ya jaketi, akatoka polepole kwenye baridi.